Kufuata maji ya Kaukazi mpaka Kaspi: Tbilisi, Kazbegi, Yerevan, Baku

Ijumaa

Kwa sisi tunaobeba boksi Dubai, Georgia ndo imekuwa sehemu ya kukimbilia likizo, ndege masaa matatu na kitu, na ukiwa na ukaazi wa nchi za Ghuba unaingia bila viza, kwahiyo foleni ya uhamiaji pale Tbilisi nusu yake ni Wahindi, Wafilipino na Waarabu waliotoka huku huku. Mi nimeenda na jamaa yangu wa Mombasa tunafanya naye kazi, namwita shekhe, yeye ananiita Mchaga, na safari nzima tumebishana mambo ambayo wala hayatuhusu.

Kwa ambao ramani iko mbali: kaskazini kuna Urusi, kusini Uturuki na Iran, magharibi Bahari Nyeusi, mashariki Bahari ya Kaspi, hapo katikati ndo zimebanana Georgia, Armenia na Azerbaijan. Zote tatu ukijumlisha zinapata kama kilomita za mraba 186,000, hazifiki theluthi moja ya Kenya. Na hako kaeneo kadogo kana milima mpaka basi. Kaukazi Kubwa inaanzia huku Bahari Nyeusi inaenda kuishia kule Kaspi, urefu kama kilomita 1,200, halafu kusini kuna Kaukazi Ndogo, na kati ya hizo safu mbili kuna bonde la mto Mtkvari ambao Waazerbaijani wanauita Kür na ramani nyingi zinaandika Kura. Huo mto ukamate maana ndo tutaufuata.

Al-Masudi, yule msafiri Mwarabu wa karne ya 10 aliyefika mpaka pwani ya Wazanji kwenye kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi wanaamini ni Pemba, aliandika pia habari za milima hii, akasema ina mataifa 72 na kila taifa na lugha yake. Shekhe kusikia hivyo akasema basi Wapemba na hawa watu ni majirani wa daftari moja.

Jumamosi

Siku ya kuzurura Tbilisi. Mji umekaa kingo mbili za Mtkvari, maji ya rangi ya chai ya maziwa, upande mmoja kuna jabali limesimama wima juu ya mto na nyumba za mbao zimejengwa mpaka pembeni kabisa, unajiuliza hawa watu wanalala usingizi kweli. Juu kuna ngome ya Narikala, chini yake mtaa wa Abanotubani wenye mabafu ya maji ya salfa, mapaa yake ya matofali yamejitokeza juu ya ardhi na harufu ya yai viza unaipata hata kabla hujafika. Maji yanatoka chini yakiwa moto yenyewe. Wanasema mfalme Vakhtang Gorgasali, karne ya 5, alikuwa anawinda, ndege aliyepigwa akaangukia kwenye chemchemi akaiva hapo hapo, mfalme akaamua mji ujengwe.

Sasa hayo maji ya moto, na volkano tulizoziona mbele, na matetemeko yao, mzizi wake ni mmoja. Bamba la Arabia, yaani lile pande la ganda la dunia lililoibeba Arabuni, linasukuma kwenda kaskazini na bamba la Yurasia, la Ulaya na Asia, limekaa pale halitoki, kwahiyo ardhi ya katikati inakunjamana, chukua mkeka usukume kwenye ukuta uone unavyofanya, ndo hiyo Kaukazi. Na huku nyuma bamba hilo hilo linaachana na Afrika, Bahari ya Shamu inapanuka, na pale Afar, Ethiopia, ndo panapokutana na bonde la ufa letu hili linalopita Naivasha na Natron. Yaani kwetu ardhi inapasuka, kwao inakunjwa, kesi ni moja. Mi hii kitu nilikuwa sijawahi kuiunganisha kabla.

Usiku khinkali, zile dampling kubwa zenye supu ndani, unashika kile kishikio cha juu unang'ata kidogo unavuta supu kwanza. Za kawaida nyama huwa imechanganywa na nguruwe kwahiyo wenye mwiko waagize za jibini, viazi au uyoga, shekhe alikula za uyoga mpaka mhudumu akaja kuhakikisha kama ni za mtu mmoja.

Jumapili

Stendi ya Didube asubuhi, marshrutka, daladala za huku, za kwenda Kazbegi zinajaa ndo ziondoke, wapiga debe wapo, kelele zipo, nikajisikia niko nyumbani. Sisi tukachukua taksi ya kuchangia kwasababu inasimama njiani, humo tulikuwa na wapenzi wawili Wapolandi na dereva mzee mwenye stika ya Kvaratskhelia, mwanasoka wao, kwenye dashibodi.

Barabara hii inaitwa Barabara ya Kijeshi ya Georgia, kilomita kama 210 kutoka Tbilisi mpaka Vladikavkaz, Urusi. Warusi waliitengeneza karne ya 19 kupitisha majeshi ila njia yenyewe watu wameipita tangu zamani za kale, maana safu nzima hii ya milima ina sehemu chache sana za kupenya.

Kituo cha kwanza Mtskheta, mji mkuu wa zamani. Ukipanda kwenye kanisa la Jvari, la karne ya 6, chini yako unaona mto Aragvi unaotoka milimani unakutana na Mtkvari. Maji hayachanganyiki haraka, upande mmoja yako ya kijani kijani upande wa pili ya udongo, yanaenda sambamba kwa umbali wa kutosha kabisa na mstari unauona kwa macho. Nilikaa pale mpaka dereva akapiga honi.

Baadaye bwawa la Zhinvali, ndo linalonywesha Tbilisi, kisha ngome ya Ananuri pembeni ya maji, kisha barabara inaanza kujikunja kupanda Gudauri kwenye hoteli za watu wa kuteleza kwenye theluji. Na malori. Aisee malori. Sijawahi kuona malori mengi hivyo kwenye barabara nyembamba hivyo, na mengi yana namba za Armenia. Dereva akaeleza kwa Kirusi, Mpolandi mmoja akatutafsiria: mpaka wa Armenia na Uturuki umefungwa tangu 1993, na wa Armenia na Azerbaijan umefungwa tangu vita vyao vya miaka hiyo hiyo, kwahiyo nchi haina bahari, inapakana na nchi nne na mbili kati ya hizo zimefunga mlango. Zinabaki Georgia na Iran. Mzigo wa Armenia wa kwenda Urusi, matunda sijui aprikoti kavu sijui konyagi yao, lazima upande hapa hapa, na theluji ikiporomoka barabara inafungwa, basi malori yanalala kwenye foleni. Wachina wamechimba handaki la kama kilomita 9 kati ya Kvesheti na Kobi ili magari yasipande tena kule juu, tumeona mitambo yao.

Kilele cha barabara ni mpito wa Jvari, karibu mita 2,400. Hapa ndo palinikamata kuliko sehemu zote za safari. Mvua ikinyesha upande wa kusini inaingia Aragvi, Aragvi inaingia Mtkvari, Mtkvari inapita Tbilisi, inakata Azerbaijan yote, inaingia Kaspi. Mvua ikinyesha upande wa kaskazini inaingia mto Tergi ambao Warusi wanauita Terek, unapasua milima kwenye korongo la Darial, unavuka mpaka, unazunguka Chechnya na Dagestan, na unaingia... Kaspi hiyo hiyo. Matone mawili yanaachana hapo kwenye mgongo wa mlima, moja linaenda Urusi lingine Azerbaijan, yanakuja kukutana baharini.

Na kuna ligi nyingine hapo. Wale wanaosema mpaka wa Ulaya na Asia unapita kwenye mgongo wa Kaukazi Kubwa, kwa hesabu yao Tbilisi iko Asia lakini kijiji cha Stepantsminda, kwasababu kiko ng'ambo ya mgongo, kiko Ulaya. Wengine wanausogeza mpaka kaskazini zaidi kwenye bonde la Kuma na Manych huko Urusi, hao kwao Elbrus yote, mita 5,642, ni mlima wa Asia na mkubwa wa Ulaya unabaki Mont Blanc. Dereva hataki kusikia, anapiga kifua, Ulaya! Euro 2024 mara yao ya kwanza kabisa wakamtandika Ureno 2-0. Huwezi kubishana na hoja ya hivyo.

Jumatatu

Nimelala Stepantsminda, jina la zamani Kazbegi na watu wote bado wanaita hivyo. Mita kama 1,740. Jana jioni mlima ulikuwa umejifunika wote, mi nikamwambia shekhe tulia, mimi ni mtoto wa Moshi, mlima unaamkiwa. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikatoka nje nimejifunika blanketi la hoteli na huyo hapo Kazbek, mita 5,054, mweupe, jua limempiga upande mmoja tu akawa wa pinki, na chini yake kwenye kilima kanisa la Gergeti la karne ya 14 dogo kama punje. Volkano iliyolala huyu, ndugu yake Kibo kabisa, tofauti barafu yake inashuka chini sana maana huku ni kaskazini. Wageorgia wana hadithi ya shujaa wao Amirani aliyefungwa minyororo ndani ya mlima. Saa mbili mawingu yamerudi, kwisha habari.

Kupanda kanisani ni kama saa moja na nusu kwa mguu kama pumzi unayo, siku hizi barabara ya lami ipo na magari yanapanda, ila tumetembea. Kanisa liko mita 2,170, na zamani Tbilisi au Mtskheta ikivamiwa hazina za kanisa zilikuwa zinaletwa kufichwa hapa. Ukisimama pale unaelewa kwanini, adui mpaka afike atakuwa amechoka hata kupora.

Hapo juu shekhe kafanya utafiti wake kwenye simu. Mlima mrefu kuliko yote Georgia ni Shkhara, kule Svaneti juu ya kijiji cha Ushguli, mita 5,193. Mlima Kenya, kilele cha Batian, mita 5,199. Akaanza kushangilia peke yake mbele ya watawa, Kenya kaipiga Georgia mita sita! Nikamuuliza mbona unashangilia nafasi ya pili na Kibo yuko 5,895. Kanyamaza mpaka kijijini.

Jumanne

Kurudi Tbilisi. Mvua njia nzima, nimelala.

Jumatano

Tbilisi kwenda Yerevan kwa marshrutka, Sprinter ya watu kumi na nane na mizigo ya watu thelathini. Mpakani Sadakhlo wote mnashuka, mnagonga muhuri wa kutoka, gari linavuka mto Debed mnaingia Bagratashen upande wa Armenia. Dada wa uhamiaji alikuwa hajawahi kushika pasipoti ya Tanzania, akaifungua ukurasa kwa ukurasa, akamwita mwenzake, wakaangalia wote, akanigongea na tabasamu juu. Abiria wengine walishaanza kuninunia.

Kuanzia hapo ni korongo la Debed, mto uko chini kabisa na vijiji viko juu kwenye vitambarare vya mwamba, unaona nyumba zimepanga mstari angani. Alaverdi dereva kasimama kuvuta sigara, mji wa shaba huu, kiwanda chake cha zamani kimekaa bondeni na juu yake kuna Sanahin, monasteri ya enzi za kati ambayo pamoja na Haghpat jirani yake ziko kwenye orodha ya Unesco. Sanahin ndo walikozaliwa Anastas Mikoyan, yule mwanasiasa mkubwa wa Kisovieti, na mdogo wake Artem, ambaye jina lake ndo hiyo M ya mwanzo kwenye ndege za kivita za MiG. Halafu angalia huo Debed unaelekea wapi: kaskazini, unarudi Georgia, unaingia Khrami, Khrami inaingia Mtkvari. Kaspi tena.

Tukapita Spitak. Tarehe 7 Desemba 1988 hapa palitetemeka, wakafa watu kama 25,000, mji ukafutika na mji wa Gyumri ukaharibika vibaya. Ni lile lile bamba la Arabia. Mama mmoja niliyekaa naye alionyesha nje dirishani halafu akaonyesha mkono wake chini, juu, hivi, akajifunga msalaba. Hatukuwa na lugha ya kuongea zaidi.

Alhamisi

Yerevan imejengwa kwa jiwe la volkano la rangi ya waridi, jioni mji mzima unang'aa. Ila mwenye mji ni Ararat, mita 5,137, umekaa kusini mkubwa mno, uko kwenye nembo ya taifa lao, kwenye konyagi, kwenye sigara, kwenye mabango ya benki, na uko Uturuki! Kwa barabara hawawezi kuufikia bila kuzunguka Georgia. Tulienda Khor Virap, monasteri iliyo karibu kabisa na mpaka, Mtakatifu Gregori alitupwa kwenye shimo hapo miaka 13 kwa mapokeo yao, akatoka akambatiza mfalme na Armenia ikawa nchi ya Kikristo mwaka 301. Shimo lipo, unashuka ngazi ya chuma iliyosimama wima, chini joto na hewa nzito, mi nimeshuka shekhe kagoma akasema yeye atanisubiri juu na viatu vyangu.

Mbele ya monasteri ni mashamba ya mizabibu, uzio, minara ya walinzi, mstari wa miti ya mto Aras ambao ndo mpaka, halafu mlima. Mi nikasema hapo ndo safina ya Nuhu ilipotua, shekhe akasema hapana, Qurani inasema Judi, na Judi ni mlima mwingine kusini zaidi. Tukamuuliza muuza njiwa pale nje, hao njiwa unalipa unarusha kwa nia, akasema Ararat, akatuuzia njiwa wawili.

Ijumaa

Ziwa Sevan, mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji ya bluu kali, baridi. Wasovieti waliyatoa maji kwa ajili ya umeme na kilimo mpaka ziwa likashuka kama mita 20, kile kisiwa chenye makanisa kikaungana na nchi kavu kikawa rasi, leo unakifikia kwa mguu. Baadaye wakashtuka wakachimba handaki la karibu kilomita 49 kuleta maji ya mto Arpa, likafunguliwa 1981. Mto mmoja tu ndo unatoka Sevan, Hrazdan, unapita Yerevan, unaingia Aras, Aras inaingia Kura, haya malizia mwenyewe inaenda wapi.

Samaki wa hapo mtamu, wa kuchoma, na lavash, mkate wao mwembamba, imetoka kwenye tanuri la chini ya ardhi. Sisemi zaidi maana nitaanza kuwa na njaa.

Jumamosi

Kutoka Yerevan mpaka Baku kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 450. Hakuna basi, hakuna treni, hakuna ndege. Kwahiyo siku nzima tumerudi Tbilisi kwa njia ile ile, na hata Tbilisi kwenda Baku hatukuweza kupita ardhini kwasababu Azerbaijan ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa abiria 2020 wakati wa korona na tulipopita ilikuwa haijafungua, ile treni ya usiku ya zamani ilikuwa imebaki stori.

Sababu ya Yerevan na Baku kutopitika ni Karabakh, eneo ambalo Armenia na Azerbaijan wamelipigania. Vita vya mwanzo viliisha 1994, vya pili 2020, halafu Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya 100,000 wakaondoka kule ndani ya siku chache. Azerbaijan yenyewe imekatika vipande viwili, Nakhchivan iko peke yake ng'ambo ya Armenia. Na bomba la mafuta la Baku mpaka Ceyhan, Uturuki, kilomita 1,768, limepinda likapita Georgia ili tu lisiguse Armenia. Ndo maana Georgia inakula ushuru wa kila mtu, mafuta yanapita kwake, malori yanapita kwake, na sisi watalii tumepita kwake mara mbili.

Jumapili

Baku. Ndege saa moja na kidogo. Mji uko kama mita 28 chini ya usawa wa bahari, hakuna mji mkuu mwingine duniani ulio chini hivyo. Upepo tu. Wa kaskazini unaitwa Khazri, wa baridi na unasukuma watu barabarani, wa kusini Gilavar. Kofia ya shekhe iliondoka na Khazri, hatukuifuata.

Mji umejaa hela za mafuta, yale majengo matatu ya vioo yenye umbo la ndimi za moto yanaonekana popote ulipo, na chini yake mji mkongwe wa mawe wenye Mnara wa Bikira. Mi mji mkongwe nimeupenda, hayo mengine Dubai tunayo.

Jumatatu

Asubuhi Gobustan, michoro zaidi ya 6,000 kwenye miamba, watu wanacheza, wanawinda, na mitumbwi yenye wapiga makasia. Kisha gari bovu la zamani la Kisovieti likatupeleka kwenye volkano za tope, Azerbaijan inazo karibu 400. Unategemea moto, kumbe baridi. Kichuguu cha urefu wa mtu, juu shimo lenye tope la kijivu laini, linatulia, linatulia, halafu linavimba povu moja kubwa taratibu, linapasuka "plop" na kukurushia usoni. Ni gesi inayotoka chini kwenye mafuta. Nimeingiza kidole, baridi kabisa, na harufu ya petroli kwa mbali.

Mchana tukaenda ufukweni. Kazi yangu ilikuwa moja, kuona maji ya Mtkvari, Tergi, Debed na Hrazdan yanapoishia, japo ukweli ni kwamba maji mengi ya Kaspi, kama asilimia 80, yanaletwa na Volga kutoka Urusi. Na hakuna yanapotokea, yakifika hapa yanasubiri jua tu. Miaka hii jua linashinda. Usawa unashuka tangu katikati ya miaka ya 90, tumeona gati moja ya mbao nguzo zake zimesimama kwenye mchanga mkavu na boti imelala ubavu, jamaa anauza chai hapo akatuonyesha kwa mkono maji yalikuwa yanafika wapi, ni hatua nyingi.

Shekhe akavua viatu akaingia, akachota, akaonja. Akatema. Akasema hii siyo bahari wallahi, chumvi gani hii, na kweli chumvi ya Kaspi ni kama theluthi ya ile ya bahari kuu. Dereva wetu akamsikia akauliza kasema nini, nikamwambia, akakasirika, bahari hii! Ina mafuta, ina meli, ina jeshi la majini! Nikawaambia nchi tano zinazoizunguka zilibishana hivi hivi zaidi ya miaka ishirini, kwasababu ikiwa bahari mnagawana chini yake kwa sheria za bahari na ikiwa ziwa mnagawana kivingine, mpaka 2018 wakasaini mkataba kule Aktau, Kazakhstan, wakaipa sheria zake yenyewe, siyo bahari siyo ziwa. Hakuna aliyeridhika. Mpaka uwanja wa ndege dereva anahesabu meli, shekhe anamwambia njoo Mombasa uonje ya Nyali ndo tuongee.